Mstari Uliokuwa na Majina Matatu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mtaa mzima wa Mangobo unajua, sina sababu ya kuwaficha ninyi. Kwa hiyo niseme mapema kwamba Ijumaa ile, yule msichana alipoingia ofisini mwetu na kusema mashine yangu imekosea, nilimfokea kabla hajamaliza sentensi.

"Mashine haikosee!" nikamwambia. "Batu njo banakosea."

Watu ndio wanaokosea: nilisema kweli bila kujua, maana aliyekosea nilikuwa mimi. Katika makosa yangu yote, na ni mengi, hilo ndilo ninalolikumbuka kwa furaha.

Wakati ule, miaka ya Zaire, nilikuwa dactylo, mpiga mashine ya kuandika, kwenye ofisi ya chuo kidogo cha walimu hapa Kisangani. Chuo sitakitaja. Mkubwa wangu alikuwa katibu wa chuo, mzee mpole aliyevaa abacost, lile koti lisilo na tai, iliyofungwa mpaka kooni hata siku za joto la kuyeyusha sabuni, na sote tulimwita papa, yaani baba. Mwalimu mmoja wa hesabu, mgeni, alipomaliza mkataba wake alituachia kompyuta moja, imprimante moja ya kuchapia, na kitabu cha C, lugha ya kuiamuru kompyuta, kilichopigwa fotokopi. Tukamsindikiza uwanja wa Bangboka, akapanda ndege yake, na kompyuta ikabaki mezani imefunikwa kitambaa. Wanaume wa ofisini waliipita kwa mbali. Mimi nilizoea kupiga herufi bila kuangalia vidole, nikasema, hii nayo si ina herufi? Tutaonana.

Kile kitabu sasa! Fotokopi ilikuwa imekula ukingo wa kulia wa kila ukurasa, kwa hiyo kila mstari ulikosa neno lake la mwisho. Nilijifunza C kwa kubahatisha maneno ya mwisho. Ilinichukua mwaka mzima na magomvi mengi, na siku niliyoweza kuifanya ile mashine iandike majina yangu mawili kwenye kioo, nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima.

Mawili, nasema, ingawa ninayo matatu. La tatu ni la mama yake mama. Siku nilipoandikishwa shule, karatasi ilikuwa na mstari wa nukta kwa jina na mstari wa nukta kwa post-nom, jina la pili, basi, na mwalimu akaandika yaliyoenea. Tangu hapo karatasi zangu zote zimekuwa za majina mawili. Mama peke yake aliendelea kuniita la tatu, hasa nikimkasirisha.

Kazi niliyoipa mashine ilikuwa hii. Nilipiga kwenye faili orodha ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, sitini na wawili, kila mmoja mstari wake: jina, post-nom, kisha alama za mitihani mitatu, kila mtihani juu ya ishirini. Programu yangu ilisoma faili hilo kwa amri inayoitwa fscanf. Unaiambia unangojea nini: neno, neno, namba, namba, namba. Inatembea ndani ya faili, inaokota kimoja kimoja, inatia kila kitu kwenye kisanduku chake, na pale inapoachia ndipo itakapoanzia safari inayofuata. Mwishoni inajumlisha na kuandika nani amepita, nani ameanguka. Kazi ya siku nne ikawa ya dakika tano. Papa alileta walimu wawili waje tu kusikiliza imprimante ikilia.

Ijumaa asubuhi tukabandika orodha ya muda mlangoni, kila mwanafunzi aangalie alama zake kabla ya Jumatatu, siku ya délibération, kile kikao ambacho walimu wanaamua nani anapanda mwaka. Ndipo akaja huyo msichana.

Alikuwa mtu wa Isangi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilipomaliza kumfokea, alingoja kidogo, halafu akaanza tena palepale alipokuwa amekatizwa, akiniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, nisamehe. Ile points si yangu. Professeur mwenyewe alinionyesha kopi: kumi na ine, kumi na sita, kumi na tatu. Hapa iko sita, saba, tano."

"Kila mutu anaangukaka anasema vile," nikamjibu. Aibu ya neno hilo ninayo mpaka leo.

"Mwaka hii niko narudilia, yaya. Nikianguka tena, banafuta jina yangu. Narudia Isangi, kelasi imekwisha." Kisha akauliza, "Ile liste, nani aliifanya?"

"Ni miye."

"Basi angalia tena. Ukiangalia na ukaona ni yangu, nitaenda."

Nikabandua orodha mlangoni kwa hasira, nikaja nayo mezani ili nimwaibishe. Nikahesabu watu. Sitini na watatu. Nikahesabu upya nikiweka kidole juu ya kila mmoja. Sitini na watatu. Nani huyu aliyeongezeka? Nikarudi kwenye mstari wa msichana, na chini yake tu nikamwona mwanafunzi nisiyemfahamu: jina lake neno moja la Kilokele, lugha ya watu wa Isangi, na post-nom yake ilikuwa 14.

Msichana akainama juu ya karatasi. "Ile ni jina ya koko yangu," akasema. Bibi yake, mama wa baba yake.

Nikaenda kwenye sanduku la fishi, zile karatasi za kujiandikisha, nikatoa ya kwake. Kumbe! Jina kwenye nukta za jina, post-nom kwenye nukta za post-nom, na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanwa kwenye ukingo wa karatasi, jina la tatu. Nami siku ile nilipiga kama nilivyoona, maana dactylo mzuri haongezi wala hapunguzi. Halafu mimi yuleyule nikatunga programu inayongojea maneno mawili tu, kwa sababu fishi ina mistari miwili tu.

Sasa nikaona kilichotokea, na nitakieleza taratibu. fscanf iliokota jina lake la kwanza, ikaokota la pili, kisha ikangojea namba. Ikakutana na herufi. Ikikutana na kitu isichokingojea haikiruki, inasimama mbele yake palepale. Visanduku vya alama havikupata kitu kipya, vikabaki na alama za kijana aliyemtangulia kwenye orodha, aliyeanguka vibaya: sita, saba, tano. Safari iliyofuata ikaanzia pale iliposimama. Jina la bibi likawa jina la mtu, kumi na nne ikawa post-nom yake, kumi na sita na kumi na tatu zikawa alama zake mbili za kwanza. Alama ya tatu haikuwapo, programu ilikuwa imeshafika kwenye jina la mwanafunzi wa mstari unaofuata, ikakwama tena, na bibi akapewa ile tano ya zamani. Huyo wa mstari unaofuata alisomwa sawasawa kama vile hakuna kilichotokea, na ndiyo maana hakuna aliyestuka.

Na fscanf haikuninyamazia! Kila safari inarudisha hesabu ya vitu ilivyoweza kuokota. Iliniambia "viwili", mimi sikuuliza. Nilidharau kuuliza.

"Kwa hiyo," nikamwambia msichana, "koko yako amejiandikisha kwa chuo, na amepata kumi na sita."

"Koko hakuingiaka kelasi hata siku moja," akasema, na tukacheka wote wawili mpaka papa akatoka chumbani mwake kuuliza kuna nini.

Nikamweleza papa, nikachukua kalamu ya bic ili nisahihishe kwa mkono. Akanishika mkono, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyotakiwa enzi zile.

"Citoyenne, hapana. Liste yenye iko na bic juu yake, Jumatatu kila mwalimu atauliza huyu mutoto alimupa nani nini. Bataiweka pembeni, na yeye atahesabiwa hakukuwa na points."

Alisema kweli. Miaka ile, namba iliyokwaruzwa kwa bic ilikuwa namba ya matabishi, rushwa, hata kama malaika ndiye aliyeikwaruza. Karatasi ilitakiwa itoke safi kwenye mashine au isitoke.

"Toa tu ile jina ya tatu kwa faili," papa akasema. "Inakuwa mawili sawa na ya bengine."

Mimi nikaona ni dawa ya nusu dakika. Msichana akatikisa kichwa.

"Hapana, papa."

"Basi tuliunganishe na la pili kwa tiret," nikasema mimi, yaani kistari kidogo katikati.

"Koko hakukuwaka na tiret."

Hasira zikanipanda upya. Mungu wangu, mtu unamtupia kamba naye anauliza rangi yake! "Basi utaanguka na majina yako matatu!" nikamwambia.

Hakupandisha sauti. "Yaya, miye sikujua mama yangu. Koko njo alinikomalisha, na kuuzisha samaki ya kukausha, kila siku moshi kwa macho. Alikufa mwaka jana wakati ya examen, hakuona kitu. Niliandika jina yake kwa ile fishi juu aingie na miye. Kama ni kuanguka, tutaanguka wote wawili."

Papa akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Iko muda mpaka Jumatatu asubuhi," akaniambia, akanipa ufunguo wa ofisi.

Jumamosi ilianza kwa salongo, kama Jumamosi zote. Tulikata majani ya serikali kwa lazima, tukafagia mbele ya nyumba zisizo zetu, na mimi nikikata majani nilikuwa nikiusoma akilini ukurasa mmoja wa kile kitabu. Ulikuwa na amri mbili, ftell na fseek. Ya kwanza inakuambia umesimama wapi ndani ya faili, ni herufi ya ngapi toka mwanzo. Ya pili inakurudisha pahali utakapoitajia. Nilikuwa nimeisoma mara tatu bila kuiamini. Mnielewe: miaka tisa nilikuwa nimefanya kazi na mashine ya kuandika, na huko hakuna kurudi. Ukikosea unang'oa karatasi, unaanza mpya, unatukana kidogo. Kwamba mtu anaweza kusoma, akakwama, akarudi nyuma kwenye mstari uleule na kuusoma kwa namna nyingine, kichwa changu kilikataa.

Alasiri mama akanisuka. Nilikaa kwenye kigoda kati ya magoti yake, mlangoni, sufuria ya lituma, ndizi za kuponda, ikipoa nyuma yetu. Mama alikuwa na desturi yake: kabla ya kuanza mstari wa nywele, anachomeka kichana mwanzoni mwake, pale kwenye ngozi. Ndipo anasuka. Akifika nyuma na kuona mstari umepinda, anaufumua, anarudi kwenye kichana, anaanza kwa kugawa nywele upya, nyembamba zaidi au nene zaidi. Siku ile alifumua mstari mmoja mara mbili, na mimi uvumilivu ukaniishia.

"Mama, uko unarudilia nini? Fungua yote uanze mupya!"

"Yote ya nini? Mustari moja njo imekosea. Bingine iko muzuri. Kichana iko pale, narudia pale, naigawa ingine namna."

Nikaruka. Mama akanivuta chini kwa nywele, akaniita jina la tatu, tena kwa sauti ya kusikiwa na majirani. "Kaa! Utaenda wapi na kichwa nusu?"

Msinicheke. Sikupata akili kutoka kwenye kichana, akili ilikuwa kwenye kitabu. Lakini nilipokaa pale nikivutwa kichwa, niliona kwamba hicho kitu nilichokiona hakiwezekani nimekuwa nikifanyiwa tangu mtoto, kila wiki mbili, bila kushangaa.

Jumapili, kengele za kanisa zikilia na mji ukielekea misa, mimi binti wa Mwislamu wa Maniema nilifungua ofisi peke yangu. Nikafungua na madirisha. Nikaketi. Kabla ya kujaribu kitu kwenye mstari wa msichana nilitaka mstari wa majaribio, wenye majina matatu, ambao nikiuharibu hakuna atakayelia. Nikaanza kubuni majina, nikaacha. Nikapiga yangu. La kwanza, la pili, na baada yao lile la mama yake mama, herufi kwa herufi, na vidole vyangu visivyotazamwa vilitafuta herufi kama vya mtu anayejifunza, maana jina hilo havijawahi kulipiga. Nikajipa ishirini, ishirini, ishirini. Nani angenikataza?

Kisha programu. Soma majina mawili na namba tatu. Uliza vimeokotwa vingapi. Vikiwa vitano, vizuri, endelea. Visipofika vitano, chukua alama ya pahali uliposimama, rudi hapo, soma majina matatu na namba tatu.

Nikaiendesha. Jina la bibi yangu likatoka kwanza, na mashine ikakwama upya.

Nilipiga meza ngumi. Nikatembea mpaka dirishani, nikarudi. Nikasoma mistari yangu kwa kidole, na nilipofika kwenye ftell nikaona nimeiweka wapi: baada ya kukwama. Nilikuwa nimechomeka kichana pahali nywele zilipokwisha kupinda! Ukirudi hapo, unarudi kwenye kosa. Alama inawekwa kabla ya kusoma mstari, kila mstari, hata ule ambao huna wasiwasi nao, kwa sababu hujui ni upi utakaokusumbua. Nikaihamisha juu, kabla ya fscanf ya kwanza. Nikaongeza na hili: ikishindwa kwa matatu pia, isimame, ipige kelele, initajie mstari, isinitungie mtu.

Nikaiendesha tena. Imprimante ikalia, na majina yangu matatu yakatoka kwenye mstari mmoja, kwa wino wa mashine, na ishirini zangu tatu pembeni. Nilicheka peke yangu ofisini. Sijui kwa nini na machozi yalikuja, lakini nilikuwa nacheka.

Nikafuta mstari wangu kwenye faili, nikaleta orodha ya kweli, nikachapa. Sitini na wawili. Nikahesabu mara tatu, nikalinganisha kila mstari na kopi za walimu, safari hii bila dharau. Bibi wa Isangi alikuwa amerudi pahali pake, nyuma ya mjukuu wake.

Jumatatu papa aliingia kwenye kikao na karatasi safi, isiyo na hata tone la bic. Walipotoka mchana, alitunza siri ya kikao, ila alinipita na kuniambia kwamba nywele zangu zimesukwa vizuri.

Jumanne tukabandika orodha ya mwisho. Wanafunzi wakajaa mlangoni wakisukumana, wengine wakiruka, wengine wakikaa chini. Msichana alingoja wapungue. Kisha akasogea, akaweka kidole chini ya mstari wake, akasoma kwa sauti yake ile ya chini: jina, post-nom, jina la koko. Akatua. Kumi na nne, kumi na sita, kumi na tatu. Mwisho wa mstari mashine ilikuwa imeandika Distinction, amepita kwa sifa. Akarudi mwanzo akasoma yote tena, polepole zaidi, kama anamsomea mtu aliyesimama karibu naye.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya ninakaza pini. Akanigeukia.

"Aksanti, yaya. Koko anapita."

"Anapita," nikasema.

"Na weye? Jina yako yote ni nani?"

Nikataja la kwanza na la pili kwa mazoea. Yeye akaendelea kuniangalia, akingoja, maana alikuwa mtu wa kungoja. Mkoba wangu ulikuwa na ile karatasi ya Jumapili, niliyokuwa nataka kumpelekea mama aiweke kwenye sanduku la vitenge vyake. Sikuitoa. Nililitaja la tatu kwa mdomo, mbele ya mlango ule, watu wakipita, na lilikuwa halijatoka kinywani mwangu kwa mtu wa nje tangu siku ile ya shule. Akalirudia mara mbili, polepole, asilikosee.